Swali Namba 318 Limejibiwa

Sura ya Tisa

Mheshimiwa alikuwa anafunga virago. Maboksi manne yalikuwa sakafuni, na la tano alilikalia mwenyewe kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeshabebwa. Bunge lilikuwa linavunjwa siku hiyo saa sita mchana, na tangu asubuhi watu walikuwa wanapishana koridoni na mapazia, feni na picha za familia. Wengine walibeba vitu ambavyo Inspekta aliona afadhali asivitazame sana. Hakuja kwa ajili ya feni.

"Nina dakika kumi, afande," mbunge alisema. "Gari la mizigo lipo nje, na dereva wake ana hasira kuliko mke wangu."

Wenzake walimwita Mheshimiwa Naomba Kujua. Kwa miaka mitano alikuwa ameipelekea serikali maswali ya maandishi mia nne na ushee, na kila moja lilianza kwa maneno hayohayo mawili. Ukumbini mbunge anaweza kuzomewa, anaweza kuzimiwa kipaza sauti. Lakini swali la maandishi likishapokelewa na kupigwa muhuri, waziri ana siku kumi na nne za kulijibu, kwa maandishi, chini ya sahihi yake mwenyewe. Likishawekwa mezani linachapishwa, na hawezi kuja kesho kusema alinukuliwa vibaya.

Inspekta alifungua daftari lake dogo. "Swali namba 318."

"La oksijeni." Hakuhitaji hata kufikiri. "Naomba kujua kama wizara ilipokea barua za fundi wa hospitali kuhusu mtambo wa oksijeni, kama ilizipokea, ni lini, na ilichukua hatua gani. Nililipeleka tarehe nane."

Mwezi wa tatu, wagonjwa saba walikufa katika wodi moja, asubuhi moja, mtambo wa oksijeni ulipozima. Fundi wa mtambo alikamatwa kwa uzembe uliosababisha vifo. Jalada alipewa Inspekta. Fundi alisema, na karibu miezi mitatu hakubadilisha hata nukta, kwamba aliiandikia wizara barua tatu kuwa mtambo unakufa. Nakala zilikuwa kwenye faili la hospitali, na faili la hospitali halikuonekana. Masjala ya wizara nayo ilimjibu Inspekta kwa mstari mmoja kwamba haina kumbukumbu. Likabaki neno la fundi peke yake, na hakuna hakimu anayemwachia mshtakiwa kwa neno lake mwenyewe. Ila kama waziri angeandika kwamba barua zilifika, basi mtu wa kukaa kizimbani angekuwa mwingine.

Kesi ilikuwa inatajwa siku hiyo saa nane. Asubuhi, kabla Inspekta hajatoka kituoni, mke wa fundi alimfuata mlangoni. Alikuwa mshonaji, na uzi ulikuwa bado umemganda begani. "Dada," alimwambia, "hata mimi sasa nimeanza kumuuliza. Juzi nimemwambia, baba watoto, kweli uliandika? Aliniangalia, nikatamani ardhi ipasuke." Inspekta alimwahidi kwamba jioni atakuwa na jibu. Alijua siku zote kwamba askari haahidi, na bado aliahidi.

"Siku kumi na nne zimepita," alimwambia mbunge. "Jibu liko wapi?"

"Limejibiwa. Ofisi ya Maswali waliniletea barua. Kuna swali la jambo hilohilo lililotangulia, namba 311. Maswali mawili ya jambo moja hujibiwa kwa jibu moja, na lililotangulia ndilo linalobeba. Kanuni ndivyo zilivyo."

"Na hilo jibu linasema nini?"

"Kurasa thelathini. Mitambo yote ya nchi nzima, majedwali, picha ya waziri amevaa kofia ya fundi. Ukurasa wa ishirini na nane wanasema wizara haikupokea taarifa yoyote ya hitilafu."

"Ukakubali."

Inspekta alikuwa amekuja na wazo moja kichwani, akalitoa waziwazi. "Mkono mtupu haulambwi, mheshimiwa. Wewe ulirambishwa nini?"

"Afande, ningekuwa mtu wa kununuliwa, ningekuwa nimekalia boksi?"

Inspekta aliangalia soli za viatu vya mbunge, akaangalia boksi. Hapakuwa na kitu hapo. "Basi kwa nini hukwenda kuuliza?"

"Nilikuwa na maswali mengine arobaini hayajajibiwa. Na uchaguzi huu hapa. Walileta kitabu nisaini kwamba nimepokea barua, nikasaini." Sauti ilimpungua. "Sikuuliza. Mimi, na jina lote hili walilonipa, hilo moja sikuuliza."

"Namba 311 liliulizwa na nani?"

Hapo mbunge alicheka kidogo, bila furaha. "Mheshimiwa Usingizi, wa upande wa serikali. Miaka mitano hajauliza hata choo kiko wapi."

Inspekta aliandika hilo, akalipigia mstari.

Ofisi ya Maswali ilikuwa mwisho wa koridoni, chumba kirefu chenye makabati ya chuma na dirisha moja linaloangalia ukuta. Karani wake alikuwa na miaka thelathini na moja katika kiti kilekile. Jengo zima lilimwita Mzee Kanuni. Alimkaribisha Inspekta kwa heshima zote, akamvutia kiti, akakifuta kwa leso, akaomba barua ya ruhusa. Aliisoma. Akaisoma tena. Akauliza kama tarehe ile ni saba au moja.

"Moja, mzee."

"Ahsante. Maana saba nyingine huandikwa hivi."

Akaenda kuleta rejista, akaleta ya mwaka jana. Akaomba radhi, akairudisha, akarudi na ya mwaka huu, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu. Mzee aliiangalia, na Inspekta akamwona anaiangalia.

"Una safari, mzee?"

"Mimi? Safari yangu ni kustaafu, mwanangu. Uliza tu taratibu."

Rejista ilikuwa nzuri kuitazama. Kila swali lilikuwa na mstari wake: namba, jina la mbunge, jambo lenyewe, na pembeni muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mstatili wa zambarau. Mstari wa 296 ulikuwa na alama ndogo ya msalaba kwa penseli, na baada ya namba hapakuwa na kitu. Hata wa 304.

"Hii mistari mitupu?"

"Swali likirudishwa kwa mwenyewe alirekebishe, tunatia msalaba, na mstari wake hauzibwi," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. "Unamsubiri. Akirudi atakuta nafasi yake. Asiporudi, unabaki hivyohivyo mpaka Bunge linakwisha. Huo utaratibu niliuanzisha mimi."

Inspekta alishuka mpaka 311. Mstari ulikuwa umejaa: jina la Mheshimiwa Usingizi, hali ya mitambo ya oksijeni nchini, muhuri wa tarehe tano. Siku tatu kabla ya swali la Naomba Kujua. Aliinamisha rejista kuelekea dirishani. Chini ya wino, pale penye namba, karatasi ilikuwa imekwaruzwa na kifutio, na alama ya msalaba ilikuwa bado inaonekana kama umeshajua pa kuitafuta.

"Hili nalo lilirudishwa?"

"Wengine hurudi, mwanangu."

"Hata wanaolala?"

Mzee alinyoosha kalamu mezani zikawa sambamba, akaiangalia saa. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Inspekta hakuwa na haraka ya kusema kitu. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayenyoosha kalamu anakuonyesha ni wapi pa kutazama, mradi usitazame kalamu. Alirudi kwenye mihuri, safari hii si tarehe bali umbo. Tarehe moja, mstatili mzima. Tarehe nane, swali 318, mstatili mzima, pembe nne zipo. Tarehe kumi na moja, mzima. Tarehe kumi na mbili, pembe ya chini kulia haipo. Kumi na tatu, haipo. Aliendelea mpaka mwisho wa rejista, na kuanzia tarehe kumi na mbili hakuna muhuri hata mmoja wenye pembe ile.

"Muhuri wako ulianguka, mzee."

"Mihuri huanguka."

"Ulianguka tarehe kumi na mbili. Ukavunjika pembe." Alirudisha kurasa, akaweka kidole kwenye mstari wa 311. "Huu unasema tarehe tano, lakini hauna pembe. Siku saba kabla haijavunjika."

Mzee Kanuni aliutazama muhuri ule. Hakuonekana kushtuka hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa kosa la tahajia katika barua yake mwenyewe.

"Ungeweza kuacha bila muhuri," Inspekta alisema. "Hakuna ambaye angefungua rejista."

"Karatasi haiingii faili bila muhuri."

"Nani alikuambia uirudishe tarehe nyuma?"

"Chai utakunywa?"

"Mzee, kuna mtu ndani. Ana mke, ana watoto. Saa nane anasimama mbele ya hakimu. Nani alikuambia?"

"Subiri kidogo, mwanangu. Kidogo tu."

Kipaza sauti cha koridoni kilikwaruza. Sauti ya mwanamke, nzuri, isiyo na haraka, ikatangaza kwamba kwa mamlaka yaliyopo, na kuanzia saa hiyo, Bunge limevunjwa. Mzee alisimama wima, mikono ubavuni, mpaka tangazo lilipokwisha. Kisha akakaa, akavua miwani, akaiweka juu ya rejista.

"Sasa uliza," alisema.

Hapo ndipo Inspekta alipoelewa tarehe iliyosomwa mara mbili, na rejista ya mwaka jana, na vumbi. "Ulikuwa unanichelewesha."

"Ndiyo. Karatasi ya Bunge haiendi mahakamani, wala mtumishi wa Bunge hasemi mahakamani juu ya karatasi hiyo, mpaka Bunge lenyewe likae na kuridhia. Asubuhi ungeweza kuomba. Kuna wabunge wangekuunga mkono, hata huyo Naomba Kujua. Sasa hakuna Bunge la kuombwa. Litakalokuja litakaa baada ya miezi mitano."

"Na lile jibu la kurasa thelathini?"

"Hilo liliwekwa mezani, likachapishwa. Hilo ni la kila mtu. Hata mwendesha mashtaka anaweza kulibeba."

Alifungua kabati nyuma yake kwa ufunguo uliokuwa shingoni, akatoa karatasi moja, akaiweka mbele ya Inspekta. Ilikuwa na nembo ya wizara, sahihi ya waziri, na muhuri wa kupokelewa wa tarehe kumi na tisa, usio na pembe. *Jibu la Swali Namba 318. Ndiyo. Wizara ilipokea barua tatu za fundi, tarehe nne na tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, na tarehe mbili mwezi wa tatu. Hakuna hatua iliyochukuliwa.*

Inspekta alisoma mara tatu. Hakuwahi, katika kazi yake yote, kuona serikali inaandika neno *ndiyo* likiwa peke yake.

"Lilikuja," alisema.

"Lilikuja kwa wakati. Waziri alisaini mafungu mazima siku ile, hakusoma. Jioni katibu wake akasoma nakala, akanipigia. Akasema lisiwekwe mezani. Nikamwambia jibu likishapokelewa halirudi. Akasema, basi tafuta kanuni." Alifuta macho kwa kiganja. "Akasema aliyeliandika ametoa siri za ofisi na ataozea ndani. Aliyeliandika yuko masjala ya wizara. Ni binti yangu wa mwisho. Kazi ile nilimtafutia mimi."

"Ndipo ukatafuta kanuni."

"Nikaikuta. Lililotangulia ndilo linalobeba. Kilichokosekana ni kutangulia tu. Uchungu wa mwana, mwanangu..."

"Wale saba hawakuwa wana wa watu?"

Nje mtu aliburuza kabati koridoni, likakwama, wakacheka, wakaliburuza tena.

"Mbona hukulichana?" Inspekta aliuliza.

"Karatasi iliyopokelewa haichanwi. Hutunzwa miaka thelathini."

"Kughushi unaweza. Kuchana huwezi."

"Ndiyo," mzee alisema kwa unyonge. "Ndivyo nilivyo."

"Naweza kuichukua sasa hivi kwa nguvu."

"Unaweza. Hakimu ataitoa nje, na utakuwa umenipa mimi kosa, wewe kosa, na fundi hujampa kitu. Lakini kunakili kwa mkono hakukatazwi."

Inspekta alinakili. Maneno yalikuwa machache, hayakujaza hata nusu ukurasa wa daftari lake. Alipomaliza aliuliza, bila kuinua kichwa, "Binti yako si mtumishi wa Bunge. Yeye anaweza kusema mahakamani."

"Ukimwita atakuja. Ndiye huyo aliyeandika *ndiyo*." Mzee alishika ukingo wa meza. "Nakuomba usimwite."

Inspekta aliandika neno *masjala*, akafunga daftari, akatoka bila kuaga.

Kulikuwa na foleni ya magari ya mizigo kwenye lango la Bunge, yote yanatoka. Alifika wizarani saa saba na robo, akamkuta binti ghorofa ya pili nyuma ya dirisha la masjala, mwembamba, mwenye miwani kama ya baba yake. Inspekta alimwonyesha kitambulisho na kumweleza kwa sentensi tatu. Binti hakuuliza la baba yake wala la kazi yake. Aliuliza, "Saa ngapi?" Akachukua mkoba wake.

Foleni za barabarani ziliwakwamisha, wakafika mahakamani saa nane na dakika arobaini. Kesi ya kutajwa huwa dakika tano: hakimu anauliza kama upelelezi umekamilika, anaambiwa bado, anapanga tarehe. Inspekta alikuwa ameihesabu siku yake yote juu ya dakika hizo tano: hata akichelewa, ingepangwa tarehe nyingine. Mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu amevivua.

"Dada, wamemaliza," alisema.

"Wamepanga tarehe gani?"

"Hakuna tarehe. Amekiri."

Wakili wa fundi alikuwa bado yuko mlangoni anapanga majalada yake mengine. Alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea na kesi nyingi kuliko saa. Alieleza upesi, kama anayedhani atagombezwa. Mwendesha mashtaka alikuwa amekuja na jibu la Bunge, limechapishwa, na ukurasa wa ishirini na nane umewekewa alama. Kukiri kungepunguza adhabu. Alimshauri mteja wake, na mteja wake akakubali. Hakimu alitoa miaka saba, mmoja kwa kila marehemu.

"Nina shahidi," Inspekta alisema. "Huyu hapa. Kata rufaa."

"Afande, aliyekiri mwenyewe hakati rufaa ya hatia. Anakata ya urefu wa adhabu tu." Alimtazama binti, akamtazama Inspekta. "Angekuja saa moja mapema."

Binti wa masjala alibaki amesimama pale na mkoba wake mikononi. Inspekta hakuweza kumwangalia.

Mahabusu ya mahakama ilikuwa chini ya ngazi, chumba cha nondo chenye benchi moja. Askari magereza alisema gari linaondoka baada ya dakika tano. Fundi alikuja mpaka kwenye nondo. Mikono yake ilikuwa bado ya fundi, na makovu ya spana juu ya vidole. Mke wake alisimama nyuma ya Inspekta, hakusogea.

"Kwa nini?" Inspekta alisema. "Miezi mitatu hukubadilisha neno. Kwa nini leo?"

"Walinionyesha kitabu, afande. Kimepigwa chapa, kina nembo. Wanasema hawakupokea kitu." Alizungumza polepole, kama anayeeleza hitilafu ya mashine. "Nikakaa pale kizimbani nikafikiri. Wote wale hawawezi kukosea. Mke wangu naye ameniuliza. Mtu ukikaa ndani unaota mambo mengi. Nikasema labda sikuandika. Labda nilikusudia kuandika, halafu kazi zikanizidi. Na kama sikuandika, basi wale saba ni mimi kweli."

Mke wake alitoa sauti, akaizuia kwa kiganja.

Inspekta alifungua daftari. Halikuwa na nembo wala muhuri, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa haraka. Alisoma. "Ndiyo. Wizara ilipokea barua tatu za fundi, tarehe nne na tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, na tarehe mbili mwezi wa tatu."

Fundi alishika nondo kwa mikono miwili. "Nani amesema?"

"Waziri. Kwa sahihi yake."

"Kwa hiyo naenda nyumbani?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Hapana, kaka. Huendi."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kipuri hakipo. Askari magereza alianza kufungua kufuli. Minyororo ililetwa.

"Zirudie tarehe," fundi alisema.

Akazirudia. Fundi alizisikiliza amefumba macho, huku mikono ameinyoosha mbele kwa ajili ya pingu.

"Tarehe mbili ilikuwa mvua," alimwambia mke wake. "Unakumbuka? Nilirudi nimelowa, ukanigombeza."

"Nakumbuka," mke wake alisema.

"Nilikuwa nimetoka kuipeleka."

Wakampandisha. Kupitia wavu wa gari aliomba tarehe kwa mara ya tatu, na Inspekta akafungua tena daftari, lakini mke wa fundi alimtangulia. Alizisema zote tatu kwa sauti, akitembea kando ya gari, na lilipoanza kwenda kasi akazisema akikimbia, peku, mpaka getini.